Asili ya Neno Mwezi: Ushahidi wa Milima ya Usambara

(Mhadhara uliotolewa Lushoto)



Kila ninapofundisha historia ya maneno, hakosekani mwanafunzi wa kuniuliza swali hili. Sisi tunasema mwezi. Waingereza wana moon na month. Wajerumani, ambao waliuita mji huu Wilhelmstal, wana Mond na Monat. Kilatini kina mensis, Kiajemi kina mah, Kihindi kina mahina. Yote yanaanza na m, na kila moja lina mojawapo au zote mbili za maana za neno letu: kile kinachoonekana angani, na muda wa siku ishirini na tisa au thelathini. Je, si neno moja lililosambaa duniani?

Swali hili lina akili ndani yake, na halistahili kujibiwa kwa neno "hapana" halafu tukaendelea na mengine. Jioni hii nataka tulijibu kwa ushahidi. Tukifika mwisho mtaona kwamba sehemu kubwa ya ushahidi huo haiko Berlin wala London. Iko hapa Usambara: Mlalo, Mtae, Bumbuli na Vugha, vinywani mwa watu ambao wengi wao wamekwisha kuambiwa kwamba lugha yao ni Kiswahili kilichopinda.

Tuanze na wenzetu wa mbali. Mwaka 1786, huko Calcutta, hakimu Mwingereza William Jones alisema hadharani kwamba Kisanskriti, Kigiriki na Kilatini vinafanana mno kiasi kwamba haiwezekani ikawa sadfa; lazima vimetoka katika chanzo kimoja, ambacho huenda hakipo tena. Wataalamu wa karne ya 19, wengi wao Wajerumani, wakaifanya kazi ya kukijenga upya chanzo hicho. Hakuna aliyewahi kukiona kimeandikwa popote. Walilinganisha sauti moja moja za lugha zinazojulikana, wakauliza: ni sauti gani ya zamani ingeweza kuzaa hizi zote kwa kufuata kanuni isiyobagua neno? Neno lililopatikana kwa njia hiyo huwekewa kinyota mbele yake, kumwambia msomaji kwamba hili limefikiwa kwa hoja, halikukutwa kwenye maandishi.

Kwa lugha hizo, ambazo huitwa za Kihindi-Kiulaya, neno la mwezi hujengwa upya takriban hivi: *mēns. Wanaisimu wengi hulihusisha na mzizi wenye maana ya kupima, ambao pia umezaa mensura ya Kilatini, yaani kipimo. Kwa maelezo hayo, watu wale wa kale, waliosema lugha hiyo zaidi ya miaka elfu tano iliyopita, waliutazama mwezi wakaona kipimo cha muda. Angalieni vilevile kwamba baadhi ya watoto wa lugha hiyo walilitupa neno la kale walipotaja kile cha angani, wakalibakiza kwa muda tu. Warumi wakaita mwezi wa angani luna, kutoka mzizi wa kung'aa. Warusi nao hadi leo wanasema luna kwa ule wa angani na mesyats kwa ule wa kalenda. Likumbukeni jambo hilo, maana kwetu pia limetokea.

Sasa turudi nyumbani.

Lugha za Kibantu ni mamia, kutoka Kameruni hadi Afrika Kusini. Mmoja wa waliouona undugu wao mapema alikuwa mmisionari Johann Ludwig Krapf, ambaye aliipanda milima hii mwaka 1848 na tena 1852 kumwona mfalme Kimweri ye Nyumbai. Mwaka 1850, kati ya safari hizo mbili, alichapisha orodha ya maneno ya lugha sita za Afrika Mashariki zilizopangwa sambamba: Kiswahili, lugha ya Wanyika, Kikamba, Kipokomo, Kiyao na Kioromo. Tano za kwanza ni ndugu. Ya sita ni ya ukoo mwingine kabisa. Hata leo ukiweka neno la mwezi kwenye safu hizo, utaona tofauti bila kuhitaji mwalimu: mwezi kwa Kiswahili, mwei kwa Kikamba, mwesi kwa Kiyao, halafu ji'a kwa Kioromo. Wamaasai, majirani zetu wa tambarare, wanasema olapa. Kwa hiyo hata hapa kwetu, jirani wa karibu anaweza kuwa na neno la ukoo mwingine, na ndugu wa mbali akawa na neno letu.

Wilhelm Bleek alilitumia jina Bantu katika sarufi yake linganishi, ambayo sehemu yake ya kwanza ilitoka 1862. Mwaka 1899 Carl Meinhof akachapisha kitabu cha sauti za lugha za Kibantu, akitumia nidhamu ileile iliyotumika kwa lugha za Ulaya. Baadaye wakaja Malcolm Guthrie, aliyetoa juzuu nne kati ya 1967 na 1971, na Achille Meeussen na wenzake wa Tervuren, Ubelgiji. Maandishi yao hutofautiana katika alama, lakini kwa neno la mwezi wanakutana: mzizi ni *-yédì, baadhi huandika *-jédì, na kiambishi chake cha ngeli ni mu-. Mzizi huu una alama za toni, ya juu na ya chini. Nitairudia toni baadaye, maana ndiko Usambara inakotoa ushahidi ambao Kiswahili hakiwezi kuutoa.

Hapo swali la m limejibika. M ya mwezi si sehemu ya mzizi. Ni kiambishi cha ngeli, nguo ambayo neno huvaa na kuvua. Tunasema mwezi mmoja, miezi miwili, kama tunavyosema mti na miti. Nenda Rwanda utakuta nguo nyingine kabisa: ukwezi kwa umoja, amezi kwa wingi. Kinachobaki baada ya kuivua ni -ezi. Ndugu zangu, *mēns ya Ulaya na Asia haivui m yake. Mensis hubadilika mwishoni tu, kwa taratibu za Kilatini, na m inabaki palepale kwa sababu ndiyo kichwa cha mzizi. Ukitaka kulinganisha kwa haki, huna budi kulinganisha mēns na yédì, na hapo hakuna hata sauti moja ya mwanzo iliyobaki ya kuwaunganisha. Kufanana kwa m ni sadfa. Mtu anayejenga historia ya watu juu ya sadfa ya herufi moja, na wapo wanaofanya hivyo kwa nia njema kabisa ya kututafutia heshima, anatuhamisha kutoka kwenye historia yetu ya kweli, ambayo haihitaji kuazima heshima kwa mtu.

Swali la pili ni gumu zaidi. Kwa nini wataalamu waliweka d katika *-yédì wakati sisi tunatamka z?

Kwa sababu Kiswahili si shahidi wa pekee. Wakikuyu na Wameru wanasema mweri. Wamakonde wanasema mwedi. Waganda wanasema omwezi, Washona mwedzi, Wakamba mwei, na Watswana, kule karibu na jangwa la Kalahari, wanasema ngwedi. Tukichukulia kwamba sauti ya kale ilikuwa z, hatuwezi kueleza kwa nini Kikuyu kina r na Kimakonde kina d. Tukichukulia kwamba ilikuwa d au sauti ya karibu na l, kila kitu kinaelezeka kwa kanuni moja: mbele ya irabu i ya namna fulani, iliyobanwa juu sana mdomoni, d iligeuka z katika lugha nyingi za mashariki. Mame-Bantu, yaani lugha mama ya Kibantu inayojengwa upya kwa njia hii, alikuwa na irabu saba. Kiswahili kimebaki na tano. Na i ile iliyobanwa, kabla ya kupotea, iliacha nyayo zake kwenye konsonanti iliyoitangulia.

Mnazijua nyayo hizo bila kujijua. Anayelinda ni mlinzi. Anayependwa ni mpenzi. Anayenunua ni mnunuzi, anayelea ni mlezi, anayeokoa ni mwokozi. Z hiyo imetoka wapi katika nunua, lea na okoa, ambamo haimo? Zamani vitenzi hivyo vilikuwa na l: nunula, lela, okola. L ikadondoka katika kitenzi, lakini katika nomino, kwa kuguswa na i ile, ikawa z na kusalimika.

Sasa fuateni hatua inayofuata, maana hapa ndipo ninapopapenda zaidi. Ikiwa lea imezaa mlezi, ni kitenzi gani kingezaa mwezi? Kwa kanuni hiyohiyo, kingekuwa ea, na kabla ya hapo ela, na kwa Mame-Bantu *-yéd-. Kitenzi hicho hatunacho tena katika Kiswahili cha kila siku kwa maana hiyo. Lakini Wanyarwanda wanacho: kwera ni kuwa mweupe, kuwa safi. Waganda wana -eru kwa sifa ya weupe, Wakikuyu wana -erũ. Na sisi tuna -eupe, ambayo ni -eu, yaani -elu iliyodondosha l, ikaongezwa pe. Mame-Bantu anajengewa mzizi wa kung'aa wenye umbo hilohilo, *-yéd-, na toni hiyohiyo ya juu. Mwezi, kwa hoja hii ninayoikubali kwa moyo wote, ni kinachong'aa. Kama mtu atasema kwamba nomino za namna ya mlezi ni za watu, na mwezi si mtu, basi namwonyesha moshi: oka, moshi, ngeli ileile ya mwezi, i ileile, na kanuni ya aina ileile iliyogeuza k kuwa sh, kama katika pika na mpishi.

Kwa hiyo mababu wa koo hizi mbili kubwa za lugha, pasipo kukutana, walitazama kitu kimoja. Wale wakakiita kwa kazi yake ya kupima, hawa wakakiita kwa mwanga wake. Wote wakakitumia kuhesabia muda. Sioni kwamba moja ni akili zaidi ya nyingine. Ila nawaomba msimwamini mtu atakayewaambia kwamba Mwafrika hakuwa na hesabu ya muda hadi kalenda ilipoletwa. Kiswahili kimeazima saa na dakika kutoka Kiarabu, na wiki kutoka Kiingereza. Lakini siku, usiku, mwezi na mwaka hakikuviazima. Hata watu wa pwani walipoishika kalenda ya Kiislamu, walihesabu miezi kwa namna yao: Mfunguo Mosi, Mfunguo Pili, hadi Mfunguo Tisa, ndipo Rajabu, Shaabani na Ramadhani.

Si lugha zote za Kibantu zilizolitunza neno hili. Wazulu husema inyanga, Lingala husema sanza. Kama Warumi na luna yao, nao walipata neno jingine na la zamani likaachwa. Jambo hilo halivunji hoja; linatuonyesha tu kwamba neno kudumu miaka elfu nne au tano, tangu mipakani mwa Kameruni na Nijeria ambako wataalamu wengi wanaweka kitovu cha Mame-Bantu, si jambo la kawaida. Waakiolojia wanatuonyesha kwamba wakulima na wafua chuma waliotengeneza vyungu vya aina ya Kwale walikuwa katika ukanda huu wa kaskazini mashariki mwa Tanzania na pwani ya Kenya katika karne za mwanzo baada ya Kristo. Vyungu havisemi. Lakini wengi tunaamini wenye vyungu hivyo walisema Kibantu, na kama ni hivyo, neno hili lilifika hapa pamoja nao.

Tufike sasa Kishambaa chenyewe, lugha ya milima hii. Mshambaa husema ng'wezi. Nimesikia walimu wakimsahihisha mtoto: "Siyo ng'wezi, sema mwezi." Katika somo la Kiswahili mwalimu ana haki ya kudai Kiswahili. Lakini anapomfanya mtoto aamini kwamba ng'wezi ni mwezi uliotamkwa vibaya, anamfundisha uongo. Ng'wezi na mwezi ni ndugu wa tumbo moja. Hakuna aliyemzaa mwenzake. Kishambaa kilibadili mw kuwa ng'w kwa utaratibu kamili: mwana ni ng'wana, mwaka ni ng'waka. Wasukuma nao walifanya hivyohivyo, ndiyo maana mji wao kwao ni Ng'wanza. Na Watswana wakafanya hivyo pia: ngwana, ngwedi. Asiwepo wa kusema kesho kwamba Washambaa na Watswana walitoka kijiji kimoja. Badiliko hili la sauti ni jepesi kwa mdomo wa binadamu, nalo limetokea mara nyingi, mahali pengi, kila pahala kwa safari yake. Nidhamu inayotukataza kuunganisha mwezi na mensis ndiyo hiyohiyo inayotukataza hilo.

Na nidhamu hiyo haina upendeleo kwa wafalme. Kuna mtu atasikia mweri ya Kikuyu, atakumbuka Kimweri, na atataka kuniambia kwamba jina la mfalme huyo, Simba Mwene, lilikuwa na mwezi ndani yake. Lingekuwa jambo la kupendeza. Lakini katika Kishambaa mzizi huo hutoa z, si r. Jina Kimweri haliwezi kuzaliwa moja kwa moja kutoka ng'wezi, na anayetaka kulihusisha na mwezi lazima kwanza aonyeshe lugha ya r ambako limetoka. Mpaka hapo, tuliache jina la mfalme kama lilivyo.

Niliahidi toni. Kiswahili kimepoteza toni. Kishambaa kinayo, na imechunguzwa kwa makini: kuna kazi za David Odden tangu 1982, na kabla ya hapo sarufi ya Karl Roehl ya 1911, na baada ya hapo kazi za Profesa Ruth Besha, pamoja na msamiati wake uliochapishwa 1993. Alama za toni mlizoziona juu ya *-yédì haziwezi kupatikana kwa kuhoji Kiswahili peke yake hata mkikihoji mwaka mzima. Zinapatikana kwa kuwahoji wasemaji wa lugha kama hii yenu. Katika jambo hili bibi wa Mlalo asiyejua kusoma ni shahidi bora kuliko kamusi kubwa kabisa ya Kiswahili sanifu. Nalisema hili mimi ninayekipenda Kiswahili na kula mkate wake.

Kisha wapo Wambugu. Milima hii ina lugha ambayo wanaisimu duniani kote wanaijua na Watanzania wengi hawaijui: Kimbugu cha ndani, au Kima'a, chenye sarufi ya Kibantu inayofanana na ya Kipare, huku sehemu kubwa ya maneno yake ya msingi ikitoka kwingine, hasa katika lugha za Kikushi. Maarten Mous aliiandikia kitabu kizima, kilichotoka 2003. Lugha hii ni onyo kwetu tunaojenga upya maneno ya kale. Tulizoea kuamini kwamba maneno ya msingi, kama ya viungo vya mwili, maji, moto na mwezi, hayabadilishwi kwa wingi. Wambugu wametuonyesha kwamba jamii yaweza kushika sarufi ya aina moja na maneno ya aina nyingine, na ikaishi hivyo kizazi baada ya kizazi, ikijua inachofanya.

Basi ombi langu kwenu, hasa kwenu vijana, ni hili. Mnazo simu zinazorekodi sauti. Wazee wenu wanayo majina ya mwezi ukiandama, ukipevuka na ukififia, na majina ya majira yaliyohesabiwa kwa mwezi kabla ya kalenda ya ukutani. Waombeni ruhusa, muwarekodi wakiyasema maneno hayo polepole, mara tatu tatu, peke yake na ndani ya sentensi, ili toni isikike. Andikeni kijiji, mwaka, na kama mzee anasema Kishambaa cha Mlalo, cha Bumbuli au cha Korogwe. Msiwasahihishe. Mkisikia neno linalofanana na la Kiswahili, msiliruke kwa kudhani limeazimwa. Maneno ya namna hiyo ndiyo yanayohitajika kuliko yote. Msiziweke rekodi hizo kwenye simu peke yake, maana simu huharibika: pelekeni nakala shuleni, maktabani, na katika idara ya isimu ya chuo kilicho karibu nanyi. Na anzeni kwa Wambugu, kwa sababu wanaokijua Kimbugu cha ndani vizuri wengi wao ni wazee.